Pikipiki Adimu na Mkono wa Mwenyewe: Mfano wa Vincent Black Shadow

Mmiliki wa kitu cha kale ambacho hakiundwi tena hujikuta katika njia panda. Kitu ni chake kisheria, amekinunua kwa jasho lake, na hapana wa kumzuia kukikata, kukipaka rangi au kukiunganisha na kingine. Hata hivyo, vilivyosalia ni vichache, na kikishakatwa hakirudi. Makala haya yanalitazama suala hili kupitia pikipiki moja, Vincent Black Shadow, iliyoundwa mjini Stevenage, Uingereza, kuanzia 1948 hadi 1955. Zilizotoka kiwandani ni takriban 1,700 tu. Nimeichagua kwa sababu inaivuruga hoja nyepesi ya wale washikiliao kwamba pikipiki adimu isiguswe kamwe.

Kiwanda hicho kilikuwa cha Philip Vincent, na mhandisi aliyemsaidia sana alikuwa Phil Irving, mzaliwa wa Australia. Wawili hawa waliibuni pikipiki isiyokuwa na fremu kwa maana tuliyoizoea. Injini yake, yenye silinda mbili na ujazo wa sentimita 998 za ujazo, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Juu yake kilifungwa kisanduku cha chuma kilichohifadhi oili, mbele ya kisanduku hicho ikaning'inizwa mikono ishikayo gurudumu la mbele, na nyuma ya injini ikafungwa sehemu ibebayo gurudumu la nyuma. Ukiiondoa injini, hubaki vipande viwili visivyoweza kusimama vyenyewe. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwani tutalirejelea.

La kustaajabisha ni kwamba wabunifu hao walimtarajia mwenye pikipiki aguseguse. Gurudumu la nyuma liliweza kubeba magurudumu mawili ya meno ya cheni, moja kila upande. Mwendeshaji akitaka nguvu zaidi ya kupanda milima, alilitoa gurudumu zima bila spana, akaligeuza na kulirudisha. Vikanyagio vilirekebishika kulingana na urefu wa miguu. Hata pembe ya mikono ya mbele iliweza kubadilishwa endapo pikipiki ingefungwa kigari cha ubavuni. Basi ni vigumu kumlaumu mwenye Vincent kwa kuirekebisha, ilhali aliyeiunda alimpa ruhusa tangu awali.

Isitoshe, sifa kuu ya jina hilo ilitokana na pikipiki iliyobadilishwa. Tarehe 13 Septemba 1948, katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, Rollie Free aliendesha Vincent iliyotayarishwa kiwandani kwa mbio pekee. Suti yake ya ngozi ilikuwa imepasuliwa na upepo, naye akaivua. Akalala kifudifudi juu ya pikipiki, miguu imenyooshwa nyuma, akiwa na kaptura ya kuogelea tu. Alipata mwendo wa maili 150.313 kwa saa, yaani takriban kilomita 242, na kuivunja rekodi ya Marekani iliyodumu tangu 1937. (Asiige mtu!) Kutokana na pikipiki hiyo kiwanda kiliunda aina ya Black Lightning, ambayo ni takriban 30 tu zilizotolewa. Moja kati ya hizo iliuzwa kwa mnada huko Las Vegas mnamo Januari 2018 kwa dola 929,000.

Je, ina maana kila mabadiliko ni halali? Hasha. Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia, kwa kuwa kukarabati si kugeuza, na kugeuza si kughushi.

Tuanze na mabadiliko mepesi. Umeme wa asili wa Black Shadow ni wa volti 6, na taa zake hafifu ni hatari kwa anayesafiri usiku miongoni mwa magari ya leo. Wengi huweka mtambo wa volti 12. Wengine, hasa waliozeeka pamoja na pikipiki zao, huongeza stata ya umeme, maana kuiwasha injini kubwa kama hiyo kwa teke la mguu si mchezo. Baadhi hubadilisha pistoni ili mgandamizo uongezeke. Kiwanda kililazimika kuuweka chini kwa sababu ya petroli duni iliyopatikana Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, sababu ambayo haipo tena. Sioni kosa katika haya yote, maadamu kinachotolewa kinaweza kurudishwa. Aliye mwangalifu hukifunga kifaa cha zamani katika karatasi yenye mafuta na kukihifadhi ndani ya sanduku, ili atakayemrithi achague mwenyewe.

Norvin ni jambo zito zaidi. Pikipiki hizi hupatikana kwa kuichomoa injini ya Vincent na kuipachika ndani ya fremu ya Norton, iliyosifika kwa kutulia kwenye kona. Enzi ambapo Vincent kuukuu zilikuwa za bei nafuu, vijana waliopenda kasi waliziunda bila kusita, na mashine zilizotokea zilikuwa za kuvutia mno. Lakini tumekwisha kuona kwamba injini ndiyo mwili. Vipande vilivyosalia vilitawanyika, vingine vikauzwa, vingine vikatupwa. Aliyetumia injini ya pikipiki iliyoharibika katika ajali aliokoa kitu. Aliyeivunja nzima aliipunguza hesabu ya zilizokuwepo, na hilo mimi silitetei.

Kughushi ndiko kubaya kuliko yote. Black Shadow ni ndugu ya Rapide, na tofauti inayoonekana haraka ni injini iliyopakwa rangi nyeusi na spidomita kubwa ya inchi 5. Tapeli anaweza kuinunua Rapide, akaipaka nyeusi, akaiuza kwa bei ya Black Shadow. Kinachomfichua ni namba. Injini ya Black Shadow hubeba alama F10AB/1B kabla ya namba yenyewe, ilhali ya Rapide huwa F10AB/1. Tena, katika matoleo ya B na C, namba ya fremu huzidi ile ya injini kwa 1,900 kamili: injini ya 4,000 huandamana na fremu ya 5,900. Sehemu ya juu na ile ya nyuma hugongwa namba ileile. Tofauti isipokuwa 1,900, mnunuzi ajue kwamba mbele yake pana vipande vya pikipiki zaidi ya moja, hata kama vimeng'arishwa vipi. Chama cha wamiliki wa Vincent, kilichoanzishwa 1948, kinahifadhi kumbukumbu za kiwanda, na humo huweza kuthibitishwa iwapo injini na fremu zilitoka Stevenage siku moja.