Uta Uliotundikwa

Hapo kale Mboni wa Ijara, huko Garissa, alipoingia mwituni hakujitwika mzigo. Uta, podo la mishale, kisu na kibuyu cha maji, basi. Sumu ya mishale ilitokana na mti wa msunguti, uliochemshwa hata ukatoa uji mzito, mweusi kama lami.

Lakini zana iliyo kubwa ilikuwa kichwani. Mwindaji aliujua upepo uvumako, mnyama asije akamnusa, alisoma nyayo, na yule ndege mdogo aongozaye watu kwenye asali alimpigia mbinja, wakaitana.

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Sababu ilikuwapo: hata leo hirola, swala wa bara hiyo, wakisiwa hawafikii 500. Lakini uta ulipotundikwa, mwana hakuwa na la kumfuatia babaye mwituni, na ilimu ile ikakosa wa kuipokea.

Msomaji, nyama twaweza kuiacha. Ilimu hiyo, je, nayo tuiache? Tuwaulize wazee tukaiandike, wangali hai.