Kujipenda kunavyozaa ubaya: mfano wa Néron

Watu wengi husema: «Néron alikuwa mnyama tu.» Neno hilo latutuliza, maana sisi si wanyama. Lakini Jean Racine hakutaka kututuliza. Katika trajedia yake Britannicus, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1669, atuonyesha Néron angali kijana, Kaisari mpya wa Roma, ambaye mikono yake haijaingia damu bado. Hapo twaona namna ubaya unavyozaliwa, nao wazaliwa katika kujipenda.

Tutazame kwanza mama yake, Agrippine. Aliolewa na Kaisari Claude, akamshawishi amfanye Néron mwanawe, hata Britannicus, mtoto wa damu, akanyimwa ufalme. Je, Agrippine alimpenda mwanawe? Ndiyo, lakini zaidi alijipenda mwenyewe: alitaka kutawala kwa mkono wake. Wazee husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Néron alijifunza kwa mama ya kuwa wengine ni ngazi ya kupandia. Sasa mama analia, kwa sababu mtoto amelishika fundisho.

Néron amtamani Junie, mchumba wa Britannicus. Usiku atuma askari wamkamate. Kisha ajificha, na kumlazimisha msichana amwonyeshe Britannicus uso wa baridi; asipofanya hivyo, kijana atakufa. Damu haijamwagika, lakini tayari Néron aonja furaha katika uchungu wa mwenziwe.

Moyo wa mchezo ni sehemu ya nne. Burrhus, mlezi wake, ampigia magoti, amsihi asimwue ndugu yake. Néron ashindwa, akubali kupatana! Mlango wa wema u wazi. Ndipo aingia Narcisse.  Huyu asema ya kuwa Agrippine anajisifu kwa kumshinda, na ya kuwa Waroma wanamdharau Kaisari wao. Kiburi kikiguswa, huruma inakufa. Katika karamu ya mapatano, Britannicus anywa kikombe cha sumu.

Oedipe wa Sophocle alimwua baba yake pasipo kumjua. Néron ajua. Amesikia sauti mbili, akachagua. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa alizaliwa mnyama: alijifanya mnyama, hatua kwa hatua.

Mwisho, watu wamwua Narcisse, Junie akimbilia kwa mabikira wa Vesta, na mama aanza kuogopa maisha yake. Kweli, Néron alimwua mwaka 59. Yeye aliyetaka vyote viwe vyake abaki peke yake.

Sisi tuliopewa watu wa kuongoza, au tutakaopewa, tujiulize basi: Burrhus wetu ni nani, na Narcisse wetu ni nani? Narcisse twaweza kumtambua kwa alama moja: kila mara anapokuja, anatukumbusha heshima yetu. Burrhus anatukumbusha ndugu yetu. Naye tusimfukuze.