Je, Mionzi Inaweza Kuusaidia Ugwe wa Mgongo Uliojeruhiwa?

Kuanzia mteremko wa Kitonga mkoani Iringa hadi Mlima Nyoka jijini Mbeya, ajali za barabarani huwaacha baadhi ya majeruhi wakiwa wamepooza. Ndugu zao huuliza: je, mionzi haiwezi kupunguza uvimbe ndani ya mgongo ili mgonjwa asimame tena?

Swali hilo lina msingi. Ajali hukata au kuponda neva papo hapo, lakini madhara hayaishii hapo. Katika saa na siku zinazofuata huzuka mchochota: seli nyeupe za damu huingia kwenye jeraha ili kusafisha mabaki, na kemikali zake huunguza hata neva zilizosalimika. Baadaye hujengeka kovu linalozizuia neva kuota upya.

Mionzi huua seli zinazogawanyika upesi, ndiyo maana watafiti waliifikiria. Mwaka 1996, Nurit Kalderon na Zvi Fuks wa New York walichapisha matokeo ya kupiga eksirei kwenye ugwe wa panya uliojeruhiwa. Muundo wake ulirejea kwa kiasi, iwapo tu mionzi ilitolewa katika muda maalumu baada ya jeraha. Hata hivyo, hayo ni matokeo ya panya. Kwa binadamu, mionzi haijawa tiba ya jeraha la ajali, na ikizidi huudhuru ugwe wenyewe, pengine miezi mingi baadaye.

Hali ni tofauti pale saratani iliyosambaa inapoukandamiza ugwe. Hapo mionzi ni tiba halisi, na ni ya dharura. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu mapya ya mgongo na miguu inayolegea afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa majeruhi wa ajali, kinga ya neva zilizobaki huanzia barabarani. Asikunjwe wala kupakiwa kwenye bodaboda. Kichwa, shingo na kiwiliwili vibaki katika mstari mmoja juu ya ubao. Hospitalini, shinikizo la damu na oksijeni visiachwe kushuka. Wodini, ageuzwe kila baada ya saa 2 kuepusha vidonda vya mgandamizo, kibofu kitolewe mkojo kwa utaratibu, na mazoezi tiba yaanze mapema.

Kabla ya kuuza shamba ili kusafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kutafuta mionzi, familia imuulize daktari: ni ajali au ni saratani? Kama ni ajali, fedha hiyo itamfaa zaidi mgonjwa ikinunua godoro zuri, mipira ya mkojo na nauli ya kliniki ya mazoezi.