Michezo 5 ya kuwafanya wanafunzi wapya wafahamiane haraka, na maswali ya kuepuka

Shule zikifunguliwa Januari, ingia darasa lolote la kidato cha kwanza kwenye shule ya kata. Utakuta waliotoka shule moja ya msingi wamekaa pamoja. Pembeni yupo mmoja au wawili waliokuja peke yao, na hawana wa kuongea naye.

Walimu wengi huanza kwa kumsimamisha kila mtu ataje jina na alikotoka. Kwa darasa la wanafunzi 64, kipindi kizima kinaishia hapo, na kengele ikilia kila mtu anakumbuka majina matatu tu. Mwenye kigugumizi naye ndiyo siku yake ya kwanza kuchekwa.

Hili si jambo dogo. Mwanafunzi ambaye hakuna anayemjua akikosa shule siku tatu, mwalimu wa darasa akiuliza yuko wapi, darasa zima kimya. Hana wa kumuazima daftari. Akionewa njiani, hana wa kumsemea.

Kidato cha tano nako ni hivyo hivyo. Julai bweni moja linapokea watu kutoka mikoa mbalimbali, wengine ndiyo mara ya kwanza kulala mbali na nyumbani.

Dawa yake haihitaji pesa. Hii hapa michezo mitano, na wala huhitaji kitu zaidi ya ubao na chaki.

1. Mnyororo wa majina

Gawa darasa makundi ya watu 8. Wa kwanza anasema: "Mimi Asha, napenda embe." Wa pili: "Huyu Asha anapenda embe, mimi Baraka napenda mpira." Inaendelea hivyo mpaka wa mwisho, ambaye anataja wenzake 7.

Usiuchezeshe kwa darasa zima. Wa mwisho atatakiwa kukumbuka watu zaidi ya 60, na hapo mchezo unageuka adhabu. Na mtu akisahau, kundi limsaidie.

2. Mtambulishe mwenzako

Wakae wawili wawili, kila mmoja na mtu asiyemjua. Dakika tatu za kuulizana, kisha kila jozi ikutane na jozi nyingine, na kila mmoja amtambulishe mwenzake.

Kumsemea mwenzako ni rahisi kuliko kujisemea. Pia inakulazimisha usikilize.

3. Tafuta mtu

Andika ubaoni mambo kama 8: anayejua kukamua ng'ombe, aliyewahi kusafiri kwa meli au boti, anayeongea lugha tatu, anayejua kusuka nywele, mzaliwa wa mwezi wako. Wanafunzi wazunguke na daftari, na kila jambo wapate jina la mtu mmoja. Sharti ni kwamba jina moja lisitokee mara mbili.

Hapa ndipo aliyetoka kijijini anapogundua kuwa anajua vitu ambavyo wenzake wa mjini hawavijui.

4. Mstari wa kimya

Toka nao nje, wajipange kwa mwezi na tarehe ya kuzaliwa, kuanzia Januari mpaka Desemba, bila kusema neno. Wataonyeshana vidole na kuvutana mikono. Mwishoni kila mtu anataja tarehe yake, mnaona nani kakosea. Unamfaa sana mwenye aibu, kwa sababu siku hiyo wote hawaongei.

5. Vitendawili

Huu tunao wenyewe. "Kitendawili!" "Tega!" Kila kundi litege kimoja walichokisikia nyumbani. Wakishindwa, watoe mji. Wanafunzi waliotoka sehemu tofauti huwa na vitendawili tofauti, kwa hiyo kila kundi lina kitu ambacho wengine hawana.

Wachezeshe kwa Kiswahili

Sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi wametoka kusoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Ukidai Kiingereza siku ya kwanza, nusu ya darasa itanyamaza, na utadhani hawana la kusema. Waache kwanza wajuane. Mtu hujaribu lugha mpya mbele ya watu asiowaogopa.

Maswali ya kuepuka

"Baba yako anafanya kazi gani?" Yupo aliyefiwa, yupo asiyemjua baba yake. "Likizo ulienda wapi?" Yupo aliyeshinda anauza karanga. "Ulipata daraja gani la saba?" Hapo umeshawapanga kabla hujaanza kufundisha.

Kabila nalo usiliulize mbele ya darasa. Utani wa makabila una kanuni zake ambazo watu wazima wanazijua. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuona ni ruhusa ya kumpa mwenzake jina la kejeli, na jina hilo likamfuata miaka minne.

Na kila mchezo uwe na ruhusa ya kusema "napita".

Mchezo pekee hautoshi

Mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson alikuwa na tatizo kubwa zaidi huko Austin, Texas, nchini Marekani. Shule zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto wazungu, weusi na wenye asili ya Mexico, na chuki ilikuwa wazi madarasani.

Yeye na wenzake waligawa somo vipande, wakaweka watoto kwenye makundi madogo. Kila mtoto alipewa kipande kimoja, akisome na kuwafundisha wenzake. Mtihani ulihusu vipande vyote. Kwa hiyo hata uliyekuwa unamdharau ulilazimika kumsikiliza, maana kipande chake hukuwa nacho. Njia hiyo inatumika mpaka leo.

Wewe mwalimu unaweza kufanya hivyo kwenye historia, biolojia au jiografia, wiki ya pili tu. Yale makundi ya mnyororo wa majina yabaki hayo hayo.

Jinsi ya kujua kama imefanya kazi

Baada ya wiki mbili, wape kila mmoja kikaratasi aandike majina matano ya wanafunzi wenzake ambao hakusoma nao msingi. Kusanya mwenyewe, usisome kwa sauti.

Halafu chukua orodha ya mahudhurio na uweke alama kwa kila jina lililotajwa. Angalia majina ambayo hayana alama hata moja. Kesho yake panga upya viti, na uanze na hao.