Joto Lililofungiwa Juu ya Dari

Saa nane ya mchana, katika mwezi wa Februari, mtu aingiaye chumbani mwa nyumba ya bati mjini Dar es Salaam huhisi utosi wake ukiungua kabla mwili haujaanza kutoka jasho. Madirisha yako wazi, na pengine upepo wa bahari unapita. Wengi hulilaumu jua na kunyamaza. Lakini jua limekwisha kukingwa na paa. Kinachomchoma mtu huyo ni paa lenyewe, pamoja na hewa iliyofungiwa baina ya bati na dari isiyokuwa na mahali pa kutokea.

Wakati wa adhuhuri, mbingu zikiwa safi, kila mita moja ya mraba iliyolala chini ya jua la pwani hupokea nguvu inayokaribia wati 1,000. Paa la nyumba yenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10 hupokea basi kiasi cha wati 80,000, sawasawa na pasi 80 za umeme zilizowashwa pamoja. Bati jipya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga huo. Bati lililoshika kutu huufyonza, na joto lake laweza kupita sentigredi 60. Na kwa kuwa unene wa bati la kawaida ni kama theluthi moja ya milimita, joto hilo hufika upande wa chini papo hapo.

Kutoka hapo joto huteremka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa: ile inayogusa bati hupata moto, nayo huisambazia dari joto hilo ikiwa haina pa kwenda. Njia ya pili ni mnururisho, ambao hauhitaji hewa hata kidogo; ndiyo maana akaaye mbele ya jiko la makaa huungua uso ingawa upepo unampuliza mgongoni. Matundu ya hewa huiondoa ile njia ya kwanza, na huipunguza ya pili kwa kiasi tu. Fundi anayeahidi kwamba matundu peke yake yatakifanya chumba kuwa baridi anaahidi mengi mno. Mnururisho huzuiwa na karatasi ya alumini inayong'aa, iliyotandazwa chini ya kenchi bila kuligusa bati, au na rangi nyeupe iliyopakwa juu ya paa.

Hata hivyo, hewa ile haina budi kutolewa, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Nguvu inayoisukuma hewa moto ipande ni ndogo kuliko watu wadhanivyo. Ikiwa hewa ya darini imeizidi ya nje kwa sentigredi 15, na tundu la juu liko mita moja na nusu juu ya lile la chini, msukumo wake haufiki hata paskali moja, yaani chini ya uzito wa maji yenye kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Nguvu dhaifu namna hiyo haiwezi kupenya vitundu vinne vya ukubwa wa kiganja vilivyowekwa kwa urembo. Huko Marekani hutumika kanuni ya kuacha uwazi wa sehemu moja kwa kila 150 za eneo la dari. Kanuni hiyo ilitokana zaidi na hofu ya unyevu katika nchi za baridi, lakini yafaa kuwa mahali pa kuanzia: nyumba yetu ya mita za mraba 80 itahitaji zaidi ya nusu mita ya mraba, nusu yake chini upenuni na nusu yake karibu na kilele. Tundu la juu lisilo na mwenzake wa chini halifanyi kazi ipasavyo, kwani hewa haitoki mahali ambapo hewa nyingine haiingii.

Wenye nyumba wana sababu nzito ya kuziba. Nyumba za zamani za pwani ziliachwa wazi baina ya kichwa cha ukuta na paa. Moshi ulitoka hapo, na hapo hapo mbu waliingia. Mbu aina ya Anopheles gambiae, aenezaye malaria, anapoukuta ukuta huelekea juu, akapita katika uwazi wa upenu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka nchini Gambia ulionyesha kwamba katika nyumba zisizowekewa nyavu, watoto 19 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu, ilhali katika nyumba zilizowekewa dari ya wavu walikuwa 12. Lakini kuziba kwa mbao na saruji kuna gharama yake: chumba huwa tanuri, na aliyelala humo hukitupa chandarua kando kwa sababu ya joto. Mbu wachache walioingia kupitia mlangoni humkuta bila kinga. Kwa hiyo upenu uwekewe wavu wala usizibwe, na kwa kuwa nyuzi za wavu huzuia sehemu kubwa ya hewa, tundu liongezwe karibu mara mbili. Wavu huo huwazuia popo vilevile, ambao kinyesi chao huozesha dari nyingi.

Katika nyanda za baridi kama Njombe na Lushoto, shida ni nyingine. Usiku bati hupoa kuliko hewa iliyolizunguka, na mvuke wa jikoni hugeuka matone chini yake. Kutu huanzia ndani, na mbao za kenchi huoza.

Pwani, miezi ya joto kali ndiyo miezi ya upepo wa kaskazi. Matundu ya kuingizia hewa yakielekezwa kaskazini-mashariki, na ya kutolea yakawekwa juu upande wa pili, upepo huo husaidia pale msukumo wa joto unaposhindwa. Kwa kuwa kusi huleta mvua kutoka upande wa kusini, matundu ya huko yawekewe luva za mbao zilizoinamia nje. Nyumba yenye paa la migongo minne haina ukuta wa pembetatu wa kutobolewa. Hiyo huinuliwa kofia ya kilele kwa sentimita chache na kuwekewa wavu. Nyavu zote zipigwe brashi kabla ya mwezi wa Desemba, maana vumbi la kiangazi hutosha kuziziba kabisa.