Ufunguo wa Nyumba ya Marehemu



Mji wa Vancouver, nchini Kanada, ulipopungukiwa na nyumba za kupanga, baraza lake lilianzisha ushuru wa nyumba tupu mwaka 2017. Kila mwaka mwenye nyumba hueleza iwapo ilikaliwa. Iliyokaa tupu zaidi ya miezi 6 hutozwa sehemu ya thamani yake: mwanzoni asilimia 1, na tangu mwaka 2021 asilimia 3. Mwenye nyumba akifariki, warithi husamehewa, lakini kwa muda tu.

Kwetu pwani hakuna ushuru kama huo, na muda wa kungojea hauna mwisho. Baba hufariki akaacha fleti mjini, kaka mkubwa akashika ufunguo, mwingine yuko Ughaibuni, na kila mmoja husema, "Tungoje." Miaka hupita, dari huvuja, chumvi ya bahari hula vyuma. Anayeumia zaidi ni mjane na binti, ambao mara nyingi hawana pato jingine.

Tutazame hesabu. Marehemu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walimtangulia, na madeni yamekwisha kulipwa. Fleti ikipangishwa, na baada ya gharama zikabaki shilingi 24,000 kwa mwezi, mjane ana thumni, yaani 3,000. Zilizobaki, 21,000, hugawanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume 8,400, na binti 4,200. Kwa mwaka mmoja wa kufuli, mama amekosa 36,000 na binti 50,400. Hiyo ni haki yao, si hisani ya kaka.

Basi kupangisha kusingoje kugawanya. Warithi wakae pamoja, aliye mbali apigiwe simu, na wakubaliane kwa maandishi nani atasimamia. Kodi ya kwanza itengeneze nyumba. Zinazofuata ziingie katika akaunti moja, na hesabu isomwe mbele ya wote, wanawake wakiwemo.

Wakishindwa kuelewana, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Kwenda huko si kuvunja udugu.

Ewe unayeshika ufunguo, umeshika amana. Mama anangoja.