Chanjo Haina Harufu: Jinsi Maabara Inavyopima Uimara Wake

Alfajiri, katika soko la samaki la Magogoni jijini Dar es Salaam, mnunuzi mzoefu hahitaji maabara. Hutazama kama jicho la samaki linang'aa, hufunua mashavu aone wekundu wake, kisha hunusa. Samaki aliyeoza hujitangaza mwenyewe.

Sasa tumfikirie mama atokaye Kariakoo na mtoto wa wiki sita kwenda kliniki. Chupa ya chanjo haina jicho wala harufu. Ile iliyo nzima na ile iliyokwisha nguvu zaweza kufanana kabisa. Kama imeharibika, mtoto atachomwa sindano, kadi yake itaandikwa, na mama atarudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe amekingwa, kumbe sivyo. Ni nani basi anayeichunguza chanjo hiyo kwa niaba yake?

Sukari iliyofungwa kwenye protini

Baadhi ya bakteria waletao kichomi na homa ya uti wa mgongo hujifunika gamba la sukari, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama shanga katika uzi. Mwili wa mtu mzima hulitambua gamba hilo na kujikinga. Mwili wa mtoto aliye chini ya miaka miwili hulitambua kwa shida. Mwaka 1929, huko New York, Oswald Avery na Walther Goebel walionyesha katika wanyama kwamba sukari ikiunganishwa na protini, mwili huiitikia vyema zaidi.

Kutokana na wazo hilo, chanjo ya kwanza ya sukari iliyounganishwa na protini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, dhidi ya bakteria aitwaye Hib. Kenya iliianza chanjo ya Hib mwaka 2001. Tanzania iliianza mwaka 2009, ndani ya chanjo moja inayokinga pia dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini ya aina B. Mwanzoni mwa mwaka 2013 ilifuata chanjo ya bakteria wa pneumokoki. Katika chanjo hizi, faida kwa mtoto mchanga hutegemea muungano ule wa sukari na protini.

Maadui wawili

Adui wa kwanza ni joto. Maji yaliyomo katika dawa hushambulia viungo vya mnyororo wa sukari, na joto huharakisha shambulio hilo. Sukari ya Hib ni dhaifu hasa kwenye viungo vyake vya fosfati. Kipande kilichokatika na kuachana na protini hakimfundishi tena mtoto kujikinga. Ndiyo sababu chanjo hizi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi.

Adui wa pili ni barafu. Hapa chanjo na samaki hutengana. Barafu humwokoa samaki, lakini huiharibu chanjo iliyochanganywa na chumvi za alumini. Chembe za chumvi hiyo, ambazo kazi yake ni kuamsha kinga, hugandamana na kuwa mabonge.

Vipimo vya maabara

Kwa chanjo hizi, kumchanja panya na kupima damu yake hakutoshi kutabiri kinga ya mtoto. Kwa hiyo wataalamu huichunguza molekuli yenyewe.

Kwanza, hupima ukubwa wake. Dawa hupitishwa katika neli iliyojaa punje zenye vitundu vidogo sana. Molekuli kubwa haziingii vitunduni, kwa hiyo hutoka mapema. Vipande vidogo huingia na kuchelewa. Chanjo iliyovunjika hujulikana kwa kuchelewa huko.

Pili, hupima sukari iliyo huru. Sukari iliyoachana na protini hutenganishwa, kisha kiasi chake hulinganishwa na sukari yote. Kila chanjo ina kikomo chake, na toleo linalokivuka hukataliwa.

Tatu, huhakikisha umbo. Vyombo vyenye sumaku kali husoma mpangilio wa atomi za sukari, na mwanga maalumu huonyesha kama protini ingali imejikunja inavyopasa.

Vipimo hivyo hurudiwa kwa miezi na miaka katika chanjo iliyohifadhiwa baridi. Nyingine huwekwa makusudi katika nyuzi 37 au zaidi kwa majuma kadhaa, kwani tangu Svante Arrhenius alipoeleza jambo hilo mwaka 1889, twajua jinsi kasi ya mmenyuko inavyopanda pamoja na joto. Hata hivyo, jaribio la haraka halichukui nafasi ya lile la muda mrefu, maana joto kali laweza kuzusha uharibifu wa namna nyingine.

Matunda yake ni makubwa. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina A, iitwayo MenAfriVac, hukaushwa ili maji yasiivunje. Vipimo viliruhusu iwekwe katika joto lisilozidi nyuzi 40 kwa muda usiozidi siku nne, na mwaka 2012 ilitumiwa hivyo nchini Benin, katika vijiji ambavyo barafu haifiki kwa urahisi.

Katika kliniki, muuguzi ana ishara mbili. Kibandiko cha chupa kina mraba ndani ya duara. Rangi ya mraba ikilingana na ya duara au kuizidi kwa weusi, joto limezidi. Kibandiko hicho hakionyeshi barafu. Anayeshuku barafu huchukua chupa nyingine ya toleo lilelile, huigandisha na kuiyeyusha, kisha hutikisa zote mbili na kuziweka kando kwa kando. Ikiwa ile anayoishuku inatuama upesi kama iliyogandishwa, hutupwa.

Jaribio la darasani

Chemsha unga kidogo wa muhogo katika maji mengi, chuja, upoze. Gawa katika neli mbili za kioo na utie kila moja asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, kwa kiasi sawa. Moja iache mezani, nyingine itie katika maji yanayochemka. Vaa miwani ya kinga. Kila dakika tano toa tone, lipoe, ulitie iodini. Tone la neli ya mezani litabaki buluu. La neli ya moto litafifia, kwa kuwa mnyororo wa wanga unakatika. Kisha zitazame tena neli zenyewe kabla ya kutia iodini, umwulize mwenzako ni ipi iliyovunjika.